Maswali na majibu: Unga wa perovskaiti usio na risasi utafaa kwenye balbu ninazotengeneza?

SWALI: Mhandisi, mimi ni fundi wa stima hapa Kariobangi Light Industries. Nafufua balbu za LED zilizokufa na kuunganisha mpya. Kuna muuzaji mtandaoni anataka kuniuzia unga wa perovskaiti anaosema hauna madini ya risasi. Ati nikiupaka juu ya chipu nitapata mwanga mweupe mzuri, na balbu itakula stima kidogo kuliko za kawaida. Ni kweli? Na hizi balbu tulizo nazo zina risasi?

JIBU: Fundi, pesa hiyo usiitoe. Hata kama unga wenyewe ni halisi, ukiupaka juu ya chipu ulizo nazo hautawaka. Sababu yake utaiona ukifungua balbu yoyote iliyo mezani pako.

Ng'oa kifuniko cheupe cha plastiki. Ndani kuna kibao cha aluminiamu chenye vijiraba vya njano. Chini ya hiyo njano kuna chipu inayotoa mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Kwa kazi iliyozaa chipu hizo, Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Rangi ya njano ni unga unaomeza sehemu ya bluu na kuirudisha ikiwa njano. Bluu iliyoponyoka inachanganyika na njano hiyo, na jicho linaona mweupe. Kasoro ya mweupe huo ni nyekundu, ambayo ni haba. Ndiyo maana fundi cherehani wa Gikomba akitaka kulinganisha uzi wa maruni na kitambaa, anatoka nje kwenye jua.

Hapo ndipo perovskaiti zinapoingia. Jina hilo ni la mpangilio wa atomi ndani ya fuwele (kristali), si la kitu kimoja. Zilizovuma katika mambo ya mwanga ni zile za seziamu, risasi na bromini. Zinang'aa vizuri ajabu, lakini zaidi ya theluthi ya uzito wake ni risasi, na maji yakiziingia zinavunjika na kuiachia. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu risasi kuzidi asilimia 0.1 katika maada yoyote ya kifaa cha umeme. Sisi hatuhitaji kufundishwa na Ulaya ubaya wa risasi. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora, jirani zako hapo: nusu ya watoto waliopimwa damu walikuwa na risasi iliyofikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Ndiyo maana nawaunga mkono kwa moyo wote watafiti wanaoitafutia risasi mbadala.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2018 na kundi la Wuhan, China. Walichukua perovskaiti ya seziamu, fedha, indiamu na klorini, ambayo peke yake inang'aa kwa shida. Wakabadilisha sehemu ya fedha kwa sodiamu, wakatia bismuthi kidogo sana, asilimia 0.04. Unga ukatoa mwanga mweupe unaoelekea njano, na ufanisi wake ukafika asilimia 86 hivi: katika kila fotoni (chembe za mwanga) 100 zilizomezwa, 86 zilirudi zikiwa mwanga unaoonekana.

Uzuri wa unga huu ni kwamba kitu kimoja kinatoa rangi zote. Elektroni iliyoamshwa inaipinda fuwele pale ilipo na kudidimia humo, kama mtu aliyeketi kwenye godoro laini. Sehemu ya nguvu yake inapotelea kwenye fuwele ikiwa joto. Inayobaki inatoka ikiwa mwanga uliotapakaa kuanzia bluu hadi nyekundu, na lile pengo la nyekundu linazibika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida halisi, wala si kupungua kwa bili ya stima.

Sasa turudi kwa muuzaji wako. Unga wa aina hiyo hauli bluu. Unataka mwanga wa urujuanimno, ule wa ultraviolet usioonekana kwa macho, karibu nanomita 365. Mwanga wa nanomita 450 utapita katikati yake au kutawanyika tu, na balbu yako itabaki ya bluu. Itabidi ununue chipu za urujuanimno, na hapo ndipo hesabu ya stima inaharibika. Fotoni ya nanomita 370 ikigeuzwa kuwa ya 580, inabaki na asilimia 64 tu ya nguvu yake. Zidisha kwa ule ufanisi wa 86, unabaki na 55. Bluu ya 450 ikigeuzwa kuwa njano ya 560 inabaki na 80, na bluu nyingine haihitaji kugeuzwa kabisa. Kwa hiyo ule ufanisi wa asilimia 86 ni wa unga, si wa balbu. Usimruhusu mtu akuchanganyie hayo mawili.

Kuna njia ya shaba pia, nami naipenda kwa sababu shaba ni ya bei rahisi kuliko indiamu na fedha. Seziamu, shaba na iodini zikipangwa namna moja zinatoa bluu, namna nyingine njano. Lakini zinataka urujuanimno mkali zaidi, karibu nanomita 300. Chipu zake zinapoteza stima nyingi, na mwanga wake ukivuja unaumiza macho na ngozi. Tumaini liko kwenye kuziwasha kwa umeme moja kwa moja, na kazi hiyo bado iko maabara.

Mteja akitaka rangi za kweli leo, ukienda Luthuli Avenue ulizia chipu za CRI 90 kwenda juu; CRI ni kipimo, hadi 100, cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kama zilivyo. Nyingi za kawaida ni 80. Akitaka balbu idumu, pesa iweke kwenye draiva, ile saketi inayolisha chipu stima: kapasita inayohimili joto la nyuzi 105 badala ya 85. Tena hakikisha kibao kimegusana vizuri na mwili wa balbu ili joto litoke.

Na risasi? Ule unga wa njano hauna. Risasi unayoishika kila siku iko mkononi mwako: waya wa kulehemu ulioandikwa 60/40 ni asilimia 40 risasi. Moshi unaouona ni wa dawa iliyo ndani ya waya, nao unachoma kifua, kwa hiyo fungua dirisha. Risasi yenyewe inaingia mwilini kupitia vidole na vumbi la meza. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika chapati, futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Waya usio na risasi upo. Unayeyuka karibu nyuzi 217 badala ya 183, kwa hiyo ongeza moto wa pasi yako ya kulehemu kidogo.