Kitabu cha bei za sarafu: chagua kinachozijua sarafu za kusini

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wadau. Kwa faida ya watakaoingia baadaye: mleta uzi amerithi kopo la sarafu za babu yake kule Mikindani. Ndani yake kuna rupia yenye mtu aliyevaa kofia ya tai, senti za tundu nyingi, kipande cha 20 Heller cha 1916 (hela ndogo ya Mjerumani), shilingi za Mwalimu, vipande kadhaa vya Msumbiji, na visarafu vidogo vya shaba ambavyo babu alisema vimetoka Kilwa. Jamaa yake wa Dar amemshauri aagize kile kitabu chekundu cha Wamarekani ili ajue bei. Anauliza kama ndicho.

Sicho. Kitabu chekundu ni kazi nzuri kwao, kinachapishwa tangu 1946 na wakusanyaji wa Marekani wanakitegemea kweli. Lakini kinahusu sarafu za Marekani tu. Kwenye kopo lako hakuna hata kipande kimoja kitakachopatikana mle, na bei ya kukisafirisha hadi Mtwara utailipa wewe.

Mimi nakusanya sarafu hapa kusini, zaidi za Mjerumani na za Afrika Mashariki ya Mwingereza. Wazee wa Mtwara, Mikindani na Lindi wamenionyesha makopo mengi yanayofanana na lako, na karibu yote yana mchanganyiko huohuo. Mjerumani alikuwa hapa, Mwingereza akaja baada yake, na Ruvuma haijawahi kuzuia mtu kuvuka na hela mfukoni, ndiyo maana vipande vya Mreno haviishi. Mchanganyiko huo ndio unaoamua kitabu. Anayekusanya nchi moja tu anaweza kununua kitabu cha nchi moja. Wewe unahitaji kitabu cha dunia.

Kitabu cha dunia kinachojulikana zaidi ni Standard Catalog of World Coins cha Krause na Mishler, kilichoanza kutoka 1972. Namba za KM unazoziona kwenye minada yote ya mtandaoni, zinazotambulisha kila aina ya sarafu, zimetoka humo. Kimegawanywa kwa karne, kila karne na juzuu yake, na ndani nchi zimepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza. Kwa kopo lako utatafuta East Africa, German East Africa, Mozambique, Tanzania na Zanzibar. Juzuu ya 1901 hadi 2000 itakubeba karibu kote.

Kabla hujaagiza, geuza ile rupia usome mwaka. Rupia za awali zilitolewa na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890, na mgongoni zina simba. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ikatoa zake, rupia ikawa heller 100 badala ya pesa 64, na chini utaona herufi ya kiwanda, A ya Berlin au J ya Hamburg. Kama yako ni ya kati ya 1890 na 1900, itafute kwenye juzuu ya 1801 hadi 1900, pamoja na zile pesa nyekundu za shaba. Nimeona watu wananunua juzuu moja, wanaikosa rupia yao, halafu wanaamini wameshika kitu ambacho dunia haijawahi kukiona.

Kipo pia kitabu cha Kijerumani, cha Jaeger, kinachohusu sarafu za Ujerumani tangu 1871 pamoja na makoloni yake. Kwa upande wa heller na rupia ni kitabu safi sana, na hata asiyejua Kijerumani anazisoma jedwali zake bila shida. Ila hakina senti za Mwingereza wala escudo za Msumbiji. Hicho utakinunua baadaye, ukishaamua kwamba Mjerumani ndiye unayemfuata.

Sasa kuhusu bei zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Bei iliyoandikwa kwenye kitabu ni makadirio ya kile ambacho muuzaji wa dukani Ulaya au Marekani angemtoza mteja wake. Wewe ukiwa muuzaji hupewi hiyo. Mnunuzi anayetaka faida atakupa nusu, na mara nyingi chini ya nusu. Wamarekani wenyewe wanalijua hili kiasi kwamba, pembeni ya kile chekundu, wana kitabu cha buluu kilichoanza 1942, ambacho kazi yake ni kuonyesha bei ambayo wafanyabiashara wananunulia. Sarafu zilezile, vitabu viwili, bei mbili. Kwa hiyo kitabu chochote utakachoshika, fungua kurasa za mwanzo usome ni bei ya nani inayoandikwa. Kisiposema wazi, kiache.

Jambo la pili ni safu za hali ya sarafu. Kila sarafu ina bei nne au tano kwenye mstari mmoja, kuanzia iliyochakaa hadi ambayo haijawahi kuingia sokoni. Macho ya mwenye mali hukimbilia safu ya kulia kabisa, kwenye namba kubwa. Sarafu iliyozunguka minadani na mabandani miaka ishirini, ikapita kwenye jasho na chumvi ya pwani yetu, iko kushoto. Kitabu kizuri kinakueleza kwa maneno na picha kila hali inavyoonekana: nywele za mfalme zimebaki kiasi gani, manyoya ya tai yanaonekana au yamelainika. Kitabu kinachotoa bei bila maelezo hayo hakikusaidii hata kiwe kipya namna gani.

Na tafadhali usizisugue! Huku kwetu mtu akitaka kukuonyesha rupia anaipiga majivu na ndimu kwanza ing'ae. Bei zote za vitabuni ni za sarafu ambayo haijasuguliwa, haijatobolewa, haijaunganishwa kitanzi cha mkufu. Rupia nyingi za bibi zetu zilifanywa mapambo. Zina thamani yake kwa familia, na mimi nazipenda, ila kwa mkusanyaji zinashuka hadi karibu na bei ya madini.

Hiyo bei ya madini unaweza kuipiga mwenyewe bila kitabu. Rupia ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni sehemu 917 kwa elfu, yaani kama gramu 10.7, ambayo ni theluthi ya aunsi ya madini (gramu 31.1) na kidogo juu. Aunsi ya fedha ikiwa dola 30, fedha iliyomo kwenye rupia yako ina thamani ya kama dola 10 hata iwe imechakaa. Shilingi ya Mwingereza ya 1921 ina gramu 7.8 lakini fedha ni robo tu, kwa hiyo hesabu yake haifiki hata dola mbili. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ndiyo sababu nakwambia uangalie toleo la kitabu limetoka lini: mwaka 2011 fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, miaka michache baadaye ikawa chini ya 20. Bei za sarafu za fedha kwenye toleo la mwaka ule na toleo la baadaye haziwezi kulingana, na matoleo yote mawili yalikuwa ya kweli kwa wakati wake.

Kutokana na hayo, ushauri wangu ni nunua toleo la zamani, lililotumika. Najua wadau wawili hapo juu wamesisitiza toleo jipya. Sikubaliani nao. Kampuni iliyokuwa inakichapisha cha Krause ilifilisika 2019, na zilizoko sokoni nyingi ni nakala zilizotumika. Unachokihitaji zaidi kwenye kitabu ni kuitambua sarafu: uzito, upana, madini, idadi iliyotengenezwa, herufi za kiwanda, na tofauti ndogo ndogo kati ya aina na aina. Uzito wa rupia ya 1890 haubadiliki toleo likibadilika. Bei ya leo utaipata kwenye simu. Tovuti ya Numista ni bure na ina picha na vipimo, na NGC, kampuni ya Marekani inayothibitisha sarafu, nao wana orodha ya bei za dunia mtandaoni inayofuata namba za KM. Zaidi ya hapo angalia minada iliyokwisha, ile inayoonyesha sarafu iliuzwa kwa kiasi gani. Bei anayoiomba mtu kwenye tangazo haithibitishi kitu.

Mfano mzuri wa kwa nini utambuzi unatangulia ni hicho kipande chako cha 20 Heller. Wakati wa Vita ya Kwanza, Mwingereza alifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika, Wajerumani wakaanza kutengeneza zao Tabora mwaka 1916, kwa shaba waliyoikusanya huku na kule. Zina herufi T. Kazi ilikuwa ya haraka na mihuri haikufanana, kwa hiyo kuna za shaba nyekundu na za shaba ya njano, za taji kubwa na taji dogo, na hata maumbo ya herufi L kwenye neno Heller yanatofautiana. Ya kawaida inauzwa kwa makumi ya dola. Michanganyiko michache ni adimu na bei yake ni nyingine kabisa. Mnunuzi anayepita vijijini msimu wa korosho, watu wakiwa na haraka ya kufunga mahesabu, atakwambia zote ni moja. Kitabu kinachoandika "20 Heller 1916 T" mstari mmoja tu bila kugawa aina hakikufai, na hiki ndicho kipimo ninachotumia nikishika kitabu chochote nisichokijua: nafungua ukurasa wa Tabora naangalia wameigawa mara ngapi.

Tabora hiyohiyo ilitoa rupia 15 za dhahabu zenye tembo, kama elfu kumi na sita hivi. Hizo hupigwa mnada kwa maelfu ya dola, na za bandia ni nyingi. Ya kweli ina gramu 7.17. Ukiletewa, mizani kwanza.

Senti za tundu zisikusumbue sana. Ile ya 1936 yenye jina la Edward VIII ina hadithi nzuri, mfalme aliyekaa mwaka usiotimia, na wapo wanaoitangaza kama lulu. Fungua kitabu uone idadi iliyotengenezwa. Ni nyingi mno na bei yake ni ndogo. Vivyo hivyo shilingi ya 1966 yenye sura ya Mwalimu. Uvumi unaozunguka kwenye simu kwamba inanunuliwa kwa mamilioni ni wa matapeli, ilitengenezwa kwa makumi ya mamilioni ya vipande. Itunze kwa heshima ya Mwalimu.

Nimeviacha visarafu vya Kilwa nyuma kwa makusudi. Kama kweli ni vya masultani wa Kilwa, vitakuwa vyembamba, vya shaba, vina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na havina mwaka. Maneno ya upande mmoja yana vina na jina la sultani upande wa pili, yaani ni ushairi uliopigwa kwenye shaba, hapa hapa kwetu, karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Vipande vitano viliokotwa visiwa vya Wessel kule Australia mwaka 1944 na mpaka leo watu wanajadiliana vilifikaje. Hivi usivitafutie kitabu cha bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huwezi kuvichimba wala kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Andika babu alivipata wapi na lini kama kuna ndugu anayekumbuka, vifunge peke yake kwenye karatasi, uvipeleke kwa watu wa mambo ya kale Kilwa Masoko au Makumbusho ya Taifa. Vikichanganywa na senti za tundu ndani ya kopo, historia ya mahali vilipotoka inapotea, na hiyo hairudi.

Kuhusu kukipata kitabu: juzuu ya karne ya 20 ina kurasa zaidi ya elfu mbili na ni nzito kama tofali, nauli ya posta inaweza kuzidi bei yake. Muombe mtu anayerudi kutoka nje akubebee, au uulize wauza vitabu vilivyotumika Dar kabla hujaagiza mbali. Wakati unasubiri, mpelekee sonara rupia na kile cha 20 Heller akupimie kwa mizani ndogo, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa jua la asubuhi, weka humu pamoja na uzito. Kwenye picha ya Heller hakikisha taji na zile L mbili zinaonekana vizuri, nitakuangalizia ni aina gani.