Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia

Swali la wiki hii lilikuwa: mgeni anayesafiri katika nchi yenye Waislamu wengi afanye nini ili asiwavunjie wenyeji heshima? Jibu langu ni kwamba asidhani ya kuwa akishaijua nchi moja amezijua zote, kwani dhana hiyo iliwahi kuniaibisha.

Nilikuwa nimetoka Istanbul, ambako niliingia katika Msikiti wa Sultan Ahmed nje ya nyakati za sala, na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Nilipofika Fez, nchini Moroko, niliukuta mlango wa msikiti wa Qarawiyyin, ulioasisiwa karne ya 9, uko wazi, nikainama kufungua kamba za viatu. Mzee aliyeketi kando ya mlango akaniuliza kwa upole kama mimi ni Mwislamu. Nilipojibu kwamba siye, aliweka kiganja kifuani, akatikisa kichwa, kisha akanionyesha mahali pa kusimama ili niuone ua wa ndani bila kuvuka kizingiti. Baadaye nilifahamu kwamba nchini humo asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia katika misikiti iliyo mingi, isipokuwa michache kama ule wa Hassan II mjini Casablanca, unaotembelewa kwa kuongozwa. Na kwamba katazo hilo hunasibishwa na Lyautey, mkuu wa utawala wa Kifaransa kuanzia mwaka 1912. Hilo la mwisho lilinishangaza, maana nilikuwa nimeamini kuwa ni agizo la dini tangu mwanzo.

Mavazi hayana ugumu mkubwa: nguo pana inayofunika mabega na magoti hutosha kwingi, ingawa Iran sheria humtaka mwanamke afunike nywele, sharti ambalo Uturuki, nje ya msikiti, haina. Kinachotatanisha zaidi ni mkono. Wapo wanaume na wanawake wasiompa mkono mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wao, yaani ndugu wa karibu wasiyeruhusiwa kuoana naye, kwa hiyo mimi humsubiri mwenyeji anyooshe wake kwanza, na asiponyoosha, huweka wangu kifuani kama alivyofanya yule mzee.

Ramadhani nayo hutofautiana. Katika baadhi ya nchi za Ghuba, kula hadharani mchana huweza kumtia mgeni matatani kisheria, ilhali Istanbul mikahawa mingi huendelea kupokea wateja. Mimi hula chumbani popote nilipo, na jioni, inapoadhiniwa magharibi, mara nyingi hukaribishwa tende na watu nisiowajua.