Wasomaji Wanauliza: Uwanja wa Shule Unaomeza Nusu ya Mji

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu na familia yake walitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakapelekwa kuishi Abilene, Texas. Mwanawe, ambaye huku alikuwa akicheza kandanda kwa mpira wa makaratasi, sasa amesajiliwa katika timu ya shule ya sekondari, ila ni ule mchezo wao wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mikononi, yaani futiboli ya Kimarekani. Ametutumia picha ya uwanja wanaochezea, na kwa majukwaa na taa zile sisi tulidhani ni uwanja wa taifa. Je, ni kweli ni wa wanafunzi? Kwa nini kila mechi anayotusimulia ni ya Ijumaa usiku? Na tufanyeje ili siku moja tuisikilize mechi yake tukiwa huku? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Kwa maelezo yako, yaelekea uwanja huo ni Shotwell, uliofunguliwa mwaka 1959 na wenye nafasi ya watazamaji 15,000 hivi. Ni wa wanafunzi kweli. Shule mbili kubwa za sekondari za umma mjini humo, Abilene na Cooper, huutumia kwa pamoja, na zinapokutana zenyewe kwa zenyewe mji hugawanyika kama Dar es Salaam inavyogawanyika siku ya watani wa jadi.

Hata hivyo, Abilene una watu wapatao 125,000, kwa hiyo mfano wako si wa kushangaza sana. Ajabu yenyewe iko katika miji midogo zaidi. Massillon, katika jimbo la Ohio, una watu 32,000 hivi, lakini uwanja wa shule yake ya sekondari, uliojengwa kwa mpango wa serikali ya shirikisho wa kuwapa kazi watu waliokosa ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na kufunguliwa mwaka 1939, unaingiza watu zaidi ya 16,000. Nusu ya mji, wachanga na vikongwe wakiwemo, ingeweza kuketi humo kwa mkupuo mmoja. Uwanja huo una jina la Paul Brown, aliyeifundisha timu ya shule hiyo kuanzia 1932 hadi 1940, kisha akaja kuwa kocha wa kwanza wa Cleveland Browns, klabu ya kulipwa inayobeba jina lake hadi leo. Mtoto wa kiume anapozaliwa Massillon, wapenzi wa timu humpa mpira mdogo angali hospitalini, na nadhani hapo msomaji ataelewa kwamba mechi dhidi ya mahasimu wao, shule ya McKinley ya mji jirani wa Canton, ambao wamekuwa wakikabiliana nao tangu 1894, si jambo la wanafunzi peke yao.

Sababu ya haya yote ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo ina timu 32 tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 330, na ni ligi isiyopandisha wala kushusha daraja. Timu ya Kagera au ya Mbeya inaweza kuanzia chini, ikapanda hatua kwa hatua hadi ikakutana na Simba na Yanga, lakini mji wa Marekani wenye watu elfu thelathini hauna ngazi ya namna hiyo. Hata ukiwa na pesa na vipaji, klabu yake haitaingia ligi kuu. Timu pekee ambayo mji huo unaweza kuiita yetu, ikacheza dhidi ya mji wa pili ikiwa na jina la mji kifuani, ni ile ya shule. Mapenzi ambayo kwetu hugawanywa kati ya klabu, mkoa na timu ya taifa, kwao yote humiminwa katika bakuli moja, na bakuli hilo ni uwanja wa sekondari.

Kuhusu Ijumaa, ni mazoea yaliyokuja kulindwa na sheria. Kwa desturi, Ijumaa usiku ni ya sekondari, Jumamosi ni ya vyuo vikuu na Jumapili ni ya wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1961 Bunge la Marekani liliiruhusu ligi ya kulipwa kuuza haki za matangazo ya televisheni za timu zake zote kwa pamoja, lakini likaweka sharti lililokusudiwa kuizuia isionyeshe mechi zake Ijumaa jioni na Jumamosi, kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba, zikawapokonya wanafunzi wa vyuo watazamaji wao; mwaka 1966 kinga hiyo ikapanuliwa ifike hadi sekondari. Ndiyo maana ligi hiyo ilipopeleka mechi São Paulo, Brazili, siku ya Ijumaa, Septemba 6, 2024, iliweza kufanya hivyo bila tatizo: Ijumaa ya pili ya mwezi ilikuwa bado haijafika.

Swali lako la mwisho ninaliweka kiporo, nitalirudia mwishoni.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya kata mkoani Tanga. Uwanja wetu hauna nyasi upande mmoja, na upande wa pili una mbuzi. Nimesoma kwamba kuna uwanja wa shule huko Texas uliogharimu dola milioni 60. Nani analipa? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, wanaolipa ni wenye nyumba na ardhi wa eneo hilo, tena kwa kura zao wenyewe. Shule nyingi za umma nchini humo husimamiwa na wilaya za shule, ambazo ni mamlaka zenye bodi za kuchaguliwa na, katika majimbo mengi, zenye uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Wilaya ya shule inapotaka kujenga jambo kubwa huomba ridhaa ya wapiga kura ili iuze hatifungani. Wakikubali, fedha hukopwa, ujenzi hufanyika, na deni hulipwa mwaka hadi mwaka kutokana na kodi hiyo.

Uwanja uliousoma ni wa Allen, mji ulioko pembezoni mwa Dallas. Wapiga kura waliupitisha mwaka 2009, ukafunguliwa 2012 ukiwa na viti 18,000, na mwanzoni mwa 2014 ukafungwa kwa sababu ya nyufa katika zege. Timu ikacheza msimu mzima nje ya nyumbani, na uwanja haukutumika tena hadi 2015. Watu wa miji jirani walicheka sana, lakini kicheko hicho hakikuwazuia baadhi yao kujenga vya kwao vya bei kubwa zaidi miaka michache baadaye.

Wanaotetea viwanja hivyo husema kwamba fedha za hatifungani, kwa sheria ya Texas, haziruhusiwi kulipa mishahara ya walimu, hivyo uwanja haumnyimi mwalimu chochote. Kisheria ni kweli. Mimi hoja hiyo naiona pungufu, maana mfuko unaolipa ni wa mwananchi yule yule, na mtu aliyekwisha kubali kodi ya uwanja huenda akachoka anapoombwa nyingine. Bunge la jimbo hilo nalo inaelekea liliona kasoro, kwa sababu tangu 2019 uwanja wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 1,000 lazima upigiwe kura peke yake, usifichwe ndani ya pendekezo moja pamoja na madarasa na mabasi.

Miji midogo hasa haina ubavu huo. Huko utakuta mabenchi ya alumini, ubao wa matokeo wenye taa mbili zilizoungua, na uzio uliobandikwa matangazo ya benki ya mji, duka la pembejeo na, bila aibu yoyote, nyumba ya mazishi. Wazazi ndio wanaouza vitafunwa ili zipatikane fedha za jezi.

SWALI: Nimejaribu kuutazama mchezo huo kwenye televisheni nikashindwa. Wanakimbia sekunde tano, wanasimama nusu dakika. Watu elfu kadhaa wanawezaje kukaa kwenye baridi wakitazama hivyo, tena vijana wa shule? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa sababu hawajaja kutazama mchezo peke yake. Muda halisi wa mechi ya sekondari ni robo nne za dakika 12, yaani dakika 48, lakini shughuli nzima huchukua saa mbili na nusu hivi, na hicho unachokiita kusimama ndicho kinachowapa watu nafasi ya kuamkiana, kuulizana habari za mavuno na kumtazama mchumba wa mtoto wa jirani.

Nilipokuwa Texas kwa mafunzo ya wiki chache, mwenyeji wangu alinipeleka katika mji mdogo sana wa magharibi ya jimbo hilo, mahali ambapo taa za uwanja huonekana barabarani kabla ya nyumba yoyote. Shule ilikuwa na wanafunzi wasiofika mia moja, kwa hiyo walicheza ule mtindo wa wachezaji sita badala ya kumi na mmoja, uliobuniwa na mwalimu Stephen Epler huko Hebron, Nebraska, mwaka 1934, wakati shule nyingi ndogo zilipokuwa zikishindwa kujaza timu. Uwanja wake ni wa yadi 80 kwa 40, na kila mchezaji anaruhusiwa kudaka mpira, jambo linaloufanya uende mbio kiasi kwamba hata wewe msomaji wa Nairobi usingesinzia. Upande mmoja palikuwa na jukwaa la ngazi saba. Pande nyingine watu walikuwa wameegesha malori madogo kuuzunguka uzio, wakatazama wakiwa ndani na blanketi magotini, na kila mara timu ya nyumbani ilipofunga, honi zote zililia kwa pamoja.

Nyenje walikuwa wamefuata taa kwa maelfu, hata ukitembea ulisikia wakipasuka chini ya viatu. Kibandani, bibi mmoja alipasua ubavu wa mfuko wa chipsi za mahindi, akamimina humo humo mchuzi wa nyama ya kusaga na maharage, akanyunyiza jibini, akanipa na uma wa plastiki. Wazee waliokuwa wameegemea uzio hawakuketi hata mara moja, na mmoja wao alinieleza, kana kwamba ilikuwa juzi, jinsi alivyodondosha mpira akiwa kidato cha nne. Sikumuuliza mwaka. Alikuwa na mvi kichwa kizima.

Kisha yakaja mapumziko, na hapo ndipo nilipoelewa. Timu iliingia chumbani kusikiliza kocha, isipokuwa kijana mmoja, ambaye alivua kofia ngumu, akakabidhiwa tarumbeta, akajipanga na bendi ya shule akiwa bado na pedi zake za mabega na tope gotini. Bendi ilikuwa na watu kumi na wanne. Hutembea kwa hatua nane katika kila yadi tano, ndivyo bendi nyingi zinavyofundishwa, na mistari ya uwanja ndiyo rula yao. Yule kijana alikuwa mpana kuliko wenzake wote, lakini hakukosea hatua. Mji wenyewe haukuwa na watu wa kutosha kumwacha mtu mmoja afanye kazi moja.

Mechi iliishia robo ya tatu, kwa kuwa katika mtindo huo timu inayoongoza kwa pointi 45 baada ya mapumziko huhesabiwa imeshinda papo hapo. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Wazazi walishuka uwanjani, watoto wadogo wakaanza mechi yao kwa chupa ya maji tupu, na taa ziliachwa zikiwaka karibu nusu saa nzima.

Laiti ningekwenda wiki ya kurudi nyumbani, wanapowaalika waliomaliza shule miaka ya nyuma na kuwavika taji mfalme na malkia wa wanafunzi, ningeona pia yale maua makubwa ya bandia ambayo wasichana wa Texas huyavaa kifuani yakiwa na riboni za kufika miguuni na vikengele vinavyolia wakitembea. Nimeyaona kwenye picha tu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba huwa wanasali uwanjani? Nilidhani shule za serikali za Marekani hazichanganywi na dini. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Yote mawili ni kweli. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka Santa Fe, Texas, iliamua kwamba sala inayoongozwa na mwanafunzi kupitia vipaza sauti vya uwanja kabla ya mechi inakiuka katiba, kwa kuwa inaonekana kuwa sala ya shule yenyewe. Mwaka 2022, katika shauri la kocha mmoja wa Bremerton, jimbo la Washington, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kupiga kwake goti na kusali kimya uwanjani baada ya mechi ni haki yake binafsi. Katika mechi niliyoihudhuria, vijana wa timu zote mbili walipiga magoti katikati ya uwanja baada ya filimbi ya mwisho, wakashikana mabega. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

Sasa nalirudia swali la msomaji wa Kasulu. Mechi nyingi za shule hutangazwa na redio za mji ambazo hupatikana pia kwa intaneti, na nyingine huonyeshwa moja kwa moja kwa malipo, kwa hiyo mwombe mpwa wako akutumie kiungo cha redio inayofuata timu yake. Mechi zao huanza saa moja au saa moja na nusu usiku wa Ijumaa kwa saa za Texas, nawe huku itakuwa saa tisa au saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwanzoni mwa Novemba wao hurudisha saa nyuma, kwa hiyo kuanzia hapo utaweza kulala hadi saa kumi alfajiri. Muulize pia anacheza nafasi gani. Kijana aliyekulia kandanda mara nyingi hupewa kazi ya kupiga mpira kwa mguu, na mpigaji huingia uwanjani mara chache tu kwa muda mfupi mno. Ukitoka kuchemsha chai, utamkosa.