Uvimbe pembeni mwa tumbo la mtoto wa miezi 3

Pole sana, mama. Umesema uvimbe wa mwanao uko pembeni, chini ya kitovu, hutokeza akilia na kurudi akitulia. Huenda ni ngiri, yaani utumbo unaotokeza kupitia upenyo wa misuli ya tumbo. Ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe; ya pembeni kwa kawaida huhitaji upasuaji. Wangu alikuwa nayo. Usiifunge kwa sarafu wala kitambaa, hata bibi akisisitiza. Upige picha ukiwa umetokeza, maana mbele ya daktari hujificha. Omba altrasaundi na rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa watoto. Kwa kuwa ni wa kiume, akaguliwe korodani pia: mara nyingi ya upande huohuo huwa haijashuka. Uvimbe ukiwa mgumu, ukigoma kurudi, au akitapika kijani, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.