Semolina ni unga gani, na nipikie nini?

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Tanga, nimekula basbusa, ile keki inayomwagiwa shira, kwa jirani nikaipenda kweli, nikaambiwa ninunue semolina. Muuzaji wa duka la mtaani anasema hiyo ni kama sembe tu, nichukue unga wowote. Ni kweli? Na nikinunua pakiti nzima itakayobaki nifanyie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sembe ni mahindi bwana, semolina ni ngano, tena ile ngano ngumu ya durum wanayotengenezea makaroni na spageti, ila hii imesagwa ikaachwa chengachenga, na rangi yake ina umanjano kidogo. Kwa maduka ya Wahindi ulizia suji, mara nyingi inakuwa nyeupe zaidi lakini kazi inafanya.

Unga wa chapati usijaribu kwenye basbusa, utapata keki iliyolowa, maana zile chenga ndo zinazonywa shira bila kugeuka uji. Chukua semolina vikombe 2, nazi kavu ya unga kikombe 1, sukari kikombe 1, mtindi kikombe 1, samli ya kuyeyusha nusu kikombe na bekin pauda kijiko 1 cha chai, changanya kwa mwiko usipigepige sana, acha dakika kama 15 chenga zivimbe kisha oka moto wa nyuzi 180 za Selsiasi mpaka juu iwe kahawia. Shira pika mapema na iliki na ndimu kidogo ipoe, ukitoa trei kwenye oveni tu unakata vipande unaimwagia hapohapo, basbusa ya moto shira ya baridi, ukifanya zote za moto inalegea.

Inayobaki kaanga kwenye samli moto mdogo mpaka inukie, tia maziwa ya moto, sukari, iliki na zabibu, hiyo halwa ya suji watoto watakusumbua kila siku. Mi napenda zaidi kupakia samaki kabla ya kukaanga, anakuwa mkavu wa kukwaruza kabisa. Ila mtu aliyekatazwa ngano na daktari asile, gluteni, ile protini ya ngano, imo.

SWALI: Anti, uji wangu wa semolina unatoka mabonge kila siku, nakosea wapi?

JIBU: Unaimwaga kwenye maji yanayochemka eh? Koroga kwanza na maziwa ya baridi, ndo uweke jikoni, na mkono usiache mpaka uji uwe mzito.