Jibu: Lewes 1264, Edward anaharibu mechi kila mara

Habari mkuu. Kwa hiyo kila ukirudia vita ya Lewes ya Uingereza kwenye mchezo wa vita wa mezani, Prince Edward, mtoto wa mfalme, anawasambaratisha watu wa London walio upande wa waasi halafu raundi inayofuata anageuka anampiga Simon de Montfort, kiongozi wa waasi, ubavuni, mfalme anashinda tu. Nimehangaika sana na hiyo hiyo.

Cheki kwanza sheria yako ya kufukuza adui. Siku ile ya vita yenyewe Edward hakugeuka, aliwakimbiza wale jamaa mpaka mbali huko na aliporudi baba yake Henry III keshazidiwa. Mimi wapanda farasi wake wakishavunja kikosi nawatoa kabisa mezani, nasubiri raundi tatu ndo naanza kurusha dadu, ikitoka 6 wanarudi, tena wakiwa wamechoka.

Halafu kilima, Montfort alikuwa juu, jeshi la mfalme lilipanda kutoka mjini, mpe bonasi anayeshuka na kile kikosi cha akiba cha Montfort usikipange mstari wa mbele.

Mchezaji wa Edward atakaa bila kazi, hilo sijalipatia dawa kamili, huwa nampa kikosi cha Richard wa Cornwall, mdogo wake mfalme, akiendeshe.