Nguruwe mwitu ameingia shambani: nimtege, nimwue, nimuuze?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni mkulima wa bonde la Rufiji, nalima mahindi na mihogo. Msimu huu nguruwe mwitu wameniingilia usiku mara nne, na karibu ekari nzima ya mahindi mabichi imelala chini. Vijana wananishauri nitege vitanzi vya waya, wengine wanasema nichimbe shimo, na mmoja kaniambia nichanganye mihogo na dawa ya wadudu. Jirani yangu Mkristo yuko tayari kunilipa kwa kila nguruwe nitakayempata. Lakini mzee mmoja msikitini kwetu ameniambia Mwislamu hafai hata kumgusa, na akimgusa sala zake hazipokelewi siku arobaini. Nina mbwa wawili pia. Naomba uniongoze, maana wanangu wanalala shambani kwenye dungu na mimi sina raha.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu mpendwa.

Nitaanza na neno ulilolitia mwishoni, kwa kuwa kwangu mimi ndilo la kwanza. Wanao wanalala kwenye dungu. Mimi pia nimelala dunguni utotoni, najua kulivyo. Kamba ya makopo imefungwa kutoka dungu hadi ukingo wa shamba, unaivuta kila ukisikia kitu. Usiku wa kwanza unakesha, wa pili unakesha, wa tatu usingizi unakubeba na kamba iko mkononi. Nguruwe wanakula mpaka chini ya nguzo za dungu lako.

Na nguruwe hafiki peke yake. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 Tanzania, wengi wao huku kwetu kusini, Rufiji na Lindi zikiwa mbele. Walichogundua ni kitu ambacho wazee wetu wangeweza kuwaambia: simba anamfuata nguruwe mwitu, nguruwe anafuata mazao, na mkulima amelala katikati yao. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno. Basi usidhani suala lako ni la mahindi tu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria ya Mwenyezi Mungu, na kumzuia nguruwe asiingie shambani ni sehemu ya kuwalinda wanao.

Sasa hukumu. Inajuzu kumwua nguruwe anayekuharibia, bila shaka yoyote. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, katika hadithi ya Bi Aisha iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametaja wanyama watano wanaouawa hata ndani ya Haram, yaani eneo takatifu la Makka, kwa sababu ya madhara yao: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Wanavyuoni wameipanua maana ya hadithi hii, wakasema kila chenye kudhuru kinaingia humo. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, nguruwe mwenye madhara wamesema ni lazima auawe. Kwa hiyo mzee wako aliyekwambia hufai hata kumgusa, mwombee heri, lakini hilo halimo katika dini.

Ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka huo ndio nataka uusome polepole. Watu wetu wengi, kwa kuwa nyama ya nguruwe ni haramu, huona kama mnyama mwenyewe ametolewa kwenye rehema ya Mola wake, afanyiwe lolote. Siyo. Aya zinazomtaja, ile ya Al-Baqara ya 173 na ile ya Al-An'am ya 145 na nyinginezo, zinazungumzia kuliwa kwake. Hazikusema ateswe. Na Mtume amesema, katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyo katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, basi mkiua, ueni vizuri. Amesema kila kitu. Hakumtoa nguruwe.

Ndiyo maana kitanzi cha waya sikukubalii. Nakumbuka mmoja niliyemwona nikiwa kijana, kando ya mto, kanaswa mguu wa mbele kwa waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kwenye mti. Aliyetega alikuwa amesafiri kwenda msibani na hakumwambia mtu. Udongo kuuzunguka mti ule ulikuwa umechimbika duara kamili, kama mtu aliyepima kwa kamba, na waya ulikuwa umefika mfupani. Nzi walikuwa wengi kuliko ninavyoweza kueleza. Bado alikuwa hai. Unaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga hakumlisha wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini mpaka akafa. Paka yule na nguruwe yule wana tofauti gani mbele ya kiu? Zaidi ya hapo, kitanzi hakichagui. Leo kinanasa nguruwe, kesho mbuzi wa jirani, keshokutwa swala ambaye hukumkusudia.

Sumu ni mbaya zaidi. Muhogo wenye dawa ukiachwa shambani, nguruwe akifa porini, fisi atamla, tai atamla, mbwa wako atamla, na mtoto anayepita akitoka kuchota maji anaweza kuuokota muhogo wenyewe. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sumu usiisogelee kabisa. Na shimo? Mafaqihi, wanavyuoni wa sheria ya dini, wamelizungumza tangu zamani: anayechimba shimo kwenye njia ya watu, mtu akatumbukia, dhamana ni juu yake. Ukichimba ndani ya shamba lako hukumu ni nyepesi, lakini wewe unajua kwamba mashamba ya kwetu hayana kuta, njia za mkato zinapita kila mahali, na giza ni giza. Usilichimbe.

Kuchoma kichaka wanakolala mchana nako usifanye, ikiwa vijana wako wamelifikiria. Imepokewa kwamba Nabii mmoja aliumwa na sisimizi akaamrisha kijiji chao chote kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu: sisimizi mmoja tu amekuuma, nawe ukauchoma umma mzima unaomsabihi? Ndani ya kichaka hicho mna mengi zaidi ya nguruwe.

Kinachobaki basi ni hiki, na nakipendekeza kwa moyo wote. Kwanza uzio. Miti ipigwe karibu karibu, na upande wa chini ifukiwe ardhini, maana nguruwe anachimba kwa pua. Ni kazi ya jasho lakini shirikianeni, mashamba manne yakizungushiwa kwa pamoja miti inapungua kuliko kila mtu azungushie lake. Pili, wanaorudi pamoja na uzio, watege kwa banda. Wakulima wa Marekani, ambako nguruwe pori wamekuwa balaa, hufanya hivi: wanajenga boma dogo imara lenye mlango wa kuanguka, wanatia mahindi ndani, na mlango wanauacha wazi usiku kadhaa bila kuutega. Nguruwe mwitu wetu naye hutembea kwa kundi na ni mwerevu. Ukimkamata mmoja, waliobaki wanajifunza na hawarudi hapo tena. Ukisubiri mpaka kundi zima limezoea kuingia na kutoka, ndipo unautega mlango, umelimaliza kwa usiku mmoja. Subira hiyo ni sehemu ya wema ulioamrishwa.

Alfajiri uwepo pale mwenyewe. Kazi ya kuua afanye mtu mzima mmoja mwenye mkono imara na mkuki mkali, nyuma ya bega la mguu wa mbele kunakoelekea moyo, mara moja. Watoto wasiwepo na marungu yao wakishangilia. Mtume amekataza kumfanya kiumbe hai shabaha ya kuchezea. Na watoto wako ukiwakuza wakicheka mnyama akilia, utavuna hilo nyumbani kwako kabla hujavuna mahindi.

Lakini kabla ya yote hayo nenda kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyama wa porini kuwa mali ya umma, na mitego, mashimo, sumu, hata kuwinda kwa mbwa, bila kibali ni makosa. Kujitetea na kutetea mali kuna nafasi yake katika sheria hiyo, ila kunataka taarifa. Mwislamu hutekeleza ahadi, na kuishi chini ya sheria ya nchi isiyokuamuru maasi ni ahadi. Tena wao ndio wenye bunduki, wanaweza kukusaidia.

Kuhusu kumuuza kwa jirani yako, hapana. Najua mbegu ni ghali na najua msimu umekuumiza. Lakini Jabir bin Abdillah, radhi za Allah zimfikie, amesimulia kwamba alimsikia Mtume mwaka wa kufunguliwa Makka, akiwa pale pale Makka, akisema kuwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake wameharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Hakusema kuwauzia Waislamu tu. Fedha ile haitakuwa na baraka hata kama mnunuzi ni Mkristo anayeihalalisha. Usiibadilishe jina ukaiita zawadi huku mmekwishakubaliana bei. Akiuliza yuko wapi, mwambie alipo, halafu yeye na afisa wa wanyamapori wamalizane, wewe huna mkono ndani yake. Umzindue pia, kwa haki ya ujirani, kama anafuga nguruwe: nguruwe mwitu anaweza kubeba homa ya nguruwe bila yeye mwenyewe kuugua, na nyama yake ikiingia bandani kwake inaweza kumwangamizia mifugo yote.

Ujira ni jambo jingine. Wenzako wakikuchangia ulinde mashamba yao, au ujenge banda na kuondoa madhara, hiyo ni kazi halali yenye malipo halali. Hapo unalipwa kwa kukesha kwako na nguvu zako.

Mbwa wako wawili wabaki. Hadithi ya Abu Huraira iko wazi kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku isipokuwa mbwa wa shamba au wa mifugo, na mapokezi mengine yametaja mbwa wa kuwinda. Wako ni wa shamba. Wape maji, usiwapige.

Nimeachia mwisho ile habari ya siku arobaini. Haina asili. Wako watu wetu hawataki hata kulitaja jina lake, wanasema mdomo unanajisika, ilhali sisi tunalisoma neno hilo ndani ya sala zetu tunapopita katika Suratul Maida. Mwili wa nguruwe ukiwa mkavu na mkono wako mkavu, hakuna kilichohama. Ukikupata unyevu wake, damu au mate, basi kwa madhehebu yetu ya Kishafii unaosha mahali hapo mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa udongo safi, kama kwa mbwa. Imamu Nawawi mwenyewe, pamoja na kuwa nguzo ya madhehebu, aliona kuwa dalili ya kwamba kwa nguruwe kuosha mara moja kunatosha ina nguvu. Ukiwa na maji ya kutosha fuata saba, ukibanwa usijitese. Udhu wako haukuvunjika kwa kugusa, najisi inaoshwa tu, kisha unasali sala yako ya siku hiyo hiyo kwa wakati wake. Weka jembe na mkuki wa kazi hii kando, na kanzu ya msikitini usiende nayo bandani.

Wanao washushe kwenye dungu leo, kabla hujaanza kukata miti ya uzio. Ukeshe wewe na mwanamume mwenzako, kwa zamu, moto ukiwaka chini.

Wallahu a'lam.